Tairi Ghali au Tairi Rahisi? Shauri kwa Wenye Magari wa Kisii na Nyamira

Katika nchi ya Kisii na Nyamira hakuna mwezi ambao dereva aweza kusema kwa hakika kwamba hatakutana na mvua njiani. Mvua kubwa huanguka tangu Machi hata Mei, kisha hurudi tangu Septemba hata Novemba. Lakini hata katika miezi iliyo baina ya majira hayo mawingu hukusanyika mchana, na ifikapo alasiri maji huteremka. Mahali pengi mvua ya mwaka mzima hupita milimita 1,500. Hiyo ndiyo neema iliyowapa wenyeji ndizi na majani chai. Nayo ndiyo sababu mwenye motokaa katika milima hii yambidi kufikiri, kwa makini kuliko wenzake wa nchi tambarare na kavu, ni tairi za namna gani atakazozifunga katika gari lake.

Aingiapo dukani mjini Kisii, au Keroka, au Nyamira, mnunuzi huonyeshwa tairi mbili za kipimo kimoja. Zote ni nyeusi, zote ni mpya, zote zang'aa. Lakini bei ya moja ni maradufu ya bei ya nyingine. Ile ghali ina jina la kampuni mashuhuri, kama vile Michelin, Bridgestone, Goodyear au Pirelli. Ile rahisi ina jina ambalo mnunuzi hakupata kulisikia. Basi hujiuliza: je, fedha hizi za ziada ni za mpira au ni za jina? Swali hilo si la kipumbavu, na jibu lake si moja kwa watu wote.

Zamani mashaka haya yalikuwa machache. Mwaka 1969 kampuni ya Firestone ilianzishwa Nairobi, na kwa miaka mingi tairi zilizotengenezwa Kenya ndizo zilizoenea madukani. Baadaye kampuni hiyo ilibadili jina ikaitwa Sameer Africa, na watu wengi wazikumbuka tairi zake zilizoitwa Yana. Lakini tairi za bei ndogo kutoka ng'ambo ziliingia kwa wingi, hata mwaka 2016 kiwanda kile cha Nairobi kikafungwa. Tangu hapo mnunuzi amekuwa akitegemea zaidi tairi za kutoka nchi za nje, na majina yamekuwa mengi mno hata fundi mwenyewe hawezi kuyajua yote. Wala si haki kuhukumu tairi kwa nchi ilikotoka. Wako watu wasemao kwamba kila tairi ya China au ya India ni mbaya. Nao hawajui kwamba kampuni zile mashuhuri zina viwanda vyao katika nchi hizo hizo.

FEDHA ZA ZIADA ZAENDA WAPI

Tairi si mpira mtupu. Mwaka 1839 Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua kwamba utomvu wa mpira ukichanganywa na salfa na kutiwa moto huwa mgumu, lakini haupotezi mnyumbuko wake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekuwa akikaa Belfast, alifunga mpira uliojazwa upepo katika baiskeli ya mtoto wake yenye magurudumu matatu, na tangu hapo watu hawakutaka tena kupanda magurudumu magumu. Tairi ya leo ina mpira wa miti, mpira wa kutengenezwa viwandani, masizi yanayoipa rangi nyeusi na nguvu, vitambaa, na nyuzi za chuma zilizofichwa ndani.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, baadhi ya viwanda vilianza kutia silika mahali pa sehemu kubwa ya masizi. Asili ya silika ni mchanga. Mpira uliochanganywa nayo kwa ustadi huishika barabara iliyolowa vizuri zaidi, na tena huviringika kwa wepesi, hata gari likanywa petroli kidogo zaidi. Lakini mchanganyiko huo ni kazi ngumu na wataka mitambo ya thamani. Hapo ndipo sehemu kubwa ya fedha za ziada iendapo: katika mchanganyiko wa mpira, katika majaribio mengi juu ya barabara zenye maji, na katika usawa wa kazi, yaani tairi ya elfu moja iwe sawasawa na ya kwanza. Sehemu nyingine, hapana budi kusema kweli, huenda katika matangazo na mashindano ya magari, na hiyo haimsaidii kitu mtu wa Nyansiongo.

Mnunuzi akizitazama tairi hizo mbili kwa macho, tofauti hii haionekani. Katika jua haionekani hata akiendesha. Huonekana siku moja tu, mvua inaponyesha na mtu anapokatiza barabara mbele ya gari.

MITA KUMI NA MOJA

Barabara ya lami itokayo Keroka kwenda mjini Kisii hushuka na kupanda vilima, na kwa jumla hushuka. Kando yake, hasa siku za soko, watu hupanga ndizi, kabichi na viazi karibu na ukingo wa lami, na watoto wa shule hutembea kwa makundi. Na ichukuliwe hesabu ya mfano. Gari lateremka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa katika mteremko ambao kila mita 100 hushuka mita 8, na lami imelowa. Ikiwa tairi zaishika barabara kwa nguvu iliyo sawa na sehemu 7 katika 10 za uzito wa gari, basi tangu breki ziume hata gari lisimame ni mita 23 hivi. Ikiwa zaishika kwa sehemu 5 tu katika 10, mita hizo huwa 34.

Tofauti ni mita 11. Maana yake ni kwamba pale gari la kwanza liliposimama kabisa, gari la pili bado lapita kwa mwendo wa kilomita 34 kwa saa, nao ni mwendo wa kutosha kumwua mtu aendaye kwa miguu. Na hesabu hii haikutia ule muda ambao dereva huutumia kuona hatari na kupeleka mguu kwenye breki. Mwendo ukiongezeka, tofauti huongezeka upesi kuliko mwendo wenyewe.

Si kila tairi rahisi iko nyuma kiasi hicho, na si kila tairi ghali iko mbele. Lakini kwamba tairi mpya zaweza kutofautiana sana katika maji ni jambo lililopimwa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Novemba 2012, tairi mpya za motokaa huuzwa zikiwa na karatasi ionyeshayo daraja lake kwa herufi, na tangu Mei 2021 herufi hizo ni A hadi E. Penye picha ya wingu la mvua ndipo pameandikwa jinsi tairi inavyoshika barabara iliyolowa. Karatasi hizo huonekana pia juu ya baadhi ya tairi ziuzwazo nje ya Ulaya. Mnunuzi akiiona, aisome kabla haijabanduliwa. Tairi rahisi yenye herufi B penye wingu ni mali bora kuliko tairi ya jina kubwa yenye herufi D.

Tena yako makosa wanayoyafanya wale wenye tairi ghali. Kwa kuwa wametoa fedha nyingi, huzitumia tairi hizo hata zikawa kipara, wakiamini kwamba jina la kampuni litawalinda. Mifereji iliyochorwa juu ya tairi ndiyo itoayo maji chini ya gurudumu. Mifereji ikiisha, maji hayana pa kwenda, na gari huelea juu yake kama mtumbwi. Katika barabara iliyojaa maji, tairi rahisi iliyo mpya mara nyingi ni salama kuliko tairi ghali iliyokwisha. Tairi mpya ya motokaa huwa na mifereji yenye kina cha milimita 8 hivi. Ndani ya mifereji hiyo mna vinundu vidogo vya mpira. Mpira wa juu ukilika hata ukawa sawa na vinundu, zimebaki milimita 1.6, nacho ndicho kikomo cha sheria katika nchi nyingi za Ulaya. Wataalamu wengi hushauri tairi ibadilishwe ikibaki milimita 3, na kwa nchi yenye mvua na miteremko kama hii shauri lao lafaa kufuatwa.

HESABU YA MFUKO

Sasa yafaa kutazama fedha. Bei hubadilika kila mara, kwa hiyo tarakimu hizi ni za mfano tu, na kila msomaji aweza kuweka zake. Tuseme tairi rahisi yauzwa shilingi 5,500 na yaweza kwenda kilomita 30,000. Na tairi ghali yauzwa shilingi 11,000 na yaweza kwenda kilomita 55,000. Gari la abiria liendalo kilomita 150 kila siku, kwa siku 300 za mwaka, hufika kilomita 45,000. Kwa tairi nne za rahisi, mwenye gari atatumia shilingi 33,000 kwa mwaka. Kwa tairi nne za ghali atatumia shilingi 36,000. Tofauti ni shilingi 3,000, yaani shilingi 10 kwa kila siku ya kazi. Na bado hazijahesabiwa fedha za kumlipa fundi kila tairi zinapobadilishwa, wala petroli.

Mwenye gari akiiona hesabu hii aweza kushangaa kwa nini magari mengi ya abiria hukimbia juu ya tairi za bei ya chini kabisa. Sababu moja ni kwamba shilingi 44,000 kwa mara moja ni nyingi, na mtu asiye nazo hawezi kuzitoa hata akijua faida yake. Lakini iko sababu nyingine. Mara nyingi mwenye gari si dereva. Dereva humletea kiasi cha fedha kilichokubaliwa kila jioni, na petroli huilipa yeye dereva katika mapato ya siku. Tairi hununuliwa na mwenye gari. Tairi nzuri ikipunguza petroli, faida hiyo huingia mfukoni mwa dereva. Ikigharimu zaidi, hasara humwangukia mwenye gari. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aionaye hesabu nzima, na abiria, ambaye mwili wake ndio uliomo garini, hakuulizwa na yeyote. Mwenye gari na dereva wake wangefanya vema kuketi pamoja mara moja na kuandika hesabu zote mbili katika karatasi moja.

Mwalimu au mwuguzi aendaye kazini kwa gari lake mwenyewe, na ambaye kwa mwaka hapiti kilomita 6,000, ana hesabu nyingine. Kwake tairi ya kilomita 55,000 itachukua miaka tisa kulika, na mpira huzeeka hata usipotembea: hukauka, hupasuka nyufa nyembamba, hupoteza ule ulaini ushikao barabara. Watengenezaji kadha wa kadha hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na isipite miaka kumi. Mtu huyu hana haja ya kununua urefu wa maisha asioweza kuutumia. Tairi ya bei ya kati, yenye daraja zuri la maji, yamtosha.

Kisha wako wale ambao tairi zao hazifi kwa kulika. Magari yachukuayo majani chai kutoka vituo vya wakulima kupeleka viwandani Kebirigo, Sanganyi, Itumbe au Kiamokama hupita njia za udongo mwekundu na changarawe; na malori ya Tabaka hubeba mawe ya kuchonga. Huko tairi hufa kwa kukatwa na jiwe ubavuni hali mifereji yake bado ni mirefu. Kununua tairi ya thamani kwa ajili ya mchanganyiko wake mwororo, kisha kuitoboa kabla haijafika nusu ya maisha yake, ni kupoteza fedha. Kwa kazi hiyo mwendo ni mdogo na lami ni chache; kifaacho ni tairi ya bei ya kati yenye ubavu mnene na meno makubwa yaumayo tope. Hapo yule anayenunua tairi rahisi hana la kuonewa haya, mradi isiwe dhaifu kuliko mzigo wake.

HERUFI NA TARAKIMU

Mzigo ni jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau, hali limeandikwa ubavuni mwa kila tairi. Mfano ni magari ya mizigo ya aina ya Probox, ambayo kila mtu wa Kisii ayajua. Yaliyoundwa tangu mwaka 2014 hutumia tairi iliyoandikwa 155/80 R14 88/86N. Tarakimu 155 ni upana wake kwa milimita. 80 ni kimo cha ubavu, kwa mia ya upana huo. 14 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Tarakimu 88 haisomwi kama kilo. Ni namba ya jedwali, na maana yake ni kwamba tairi moja yaweza kubeba kilo 560. Herufi N maana yake haifai kupita mwendo wa kilomita 140 kwa saa.

Sasa fundi asiye mwangalifu aweza kumwambia mwenye gari kwamba tairi iliyoandikwa 165/70 R14 81T itaingia vizuri katika rimu hiyo, na tena ni ya mwendo mkubwa zaidi, kwa kuwa herufi T ni kilomita 190 kwa saa. Kweli itaingia. Lakini namba 81 ni kilo 462 tu. Mwenye gari amepewa mwendo asiouhitaji, maana magari ya abiria yamewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa, naye amenyang'anywa karibu kilo 100 katika kila gurudumu. Gari lile liliundwa kubeba dereva na abiria wanne, na kila mtu ajua ni wangapi hubebwa katika njia ya Ogembo au ya Nyamira. Tairi iliyolemewa hupinda kila izungukapo, hupata moto ndani, na mwishowe hupasuka, iwe ghali au rahisi. Herufi kubwa za mwendo ndizo zinazopandisha bei ya tairi nyingi. Katika milima hii fedha hizo zafaa kutumiwa kwa mzigo na kwa maji.

Alama nyingine ya kutafuta ni herufi E ndani ya duara, pamoja na tarakimu ya nchi iliyoidhinisha tairi hiyo. Ikiwa karibu yake iko namba ndefu inayofuatwa na herufi W, tairi hiyo imepita jaribio la barabara yenye maji. Tairi rahisi yenye alama hizo yaweza kuaminiwa zaidi kuliko ile isiyo na alama yoyote ila jina.

Tena pana tarakimu nne mwishoni mwa maneno yaanzayo kwa herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma, na mbili za mwisho ni mwaka. Iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tarakimu hizi zatakiwa zisomwe hasa na mtu anunuaye tairi kuukuu zilizotumika ng'ambo, ambazo huonekana nzuri kwa mifereji yake lakini zaweza kuwa na umri wa miaka minane au zaidi. Na tairi kipara iliyochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto isinunuliwe kwa bei yoyote. Mchongaji huondoa mpira uliobaki juu ya nyuzi za chuma, na maji huingia katika nyuzi hizo zikashika kutu. Kati ya tairi ya namna hiyo na tairi mpya ya bei ya chini kabisa, hakuna la kuchagua: ile mpya ndiyo tairi.

Mtu mwenye fedha za tairi mbili tu huzifunga mbele, kwa sababu gari huongozwa kwa mbele na, katika magari mengi madogo, mashine huvuta kwa mbele. Yaonekana ni busara, lakini watengenezaji wa tairi hushauri kinyume. Magurudumu ya mbele yakiteleza, dereva huhisi katika usukani, hupunguza mwendo, na gari hurudi. Magurudumu ya nyuma yakiteleza katika kona iliyolowa, gari huzunguka kabla dereva hajafahamu lililotokea. Kwa hiyo tairi zilizo nzuri zaidi zifungwe nyuma, na zile mbili za ekseli moja ziwe za namna moja na zimelika sawasawa.

Upepo nao upimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kuwa tairi ikipata moto kipimo hupanda na humdanganya fundi. Kiasi kitakiwacho kimeandikwa katika kibandiko kilicho karibu na mlango wa dereva, na kwa gari lililojaa watu huwa ni kikubwa kuliko kwa gari tupu. Wakati huo huo ipimwe na ile ya spea, ambayo katika magari mengi haiguswi hata siku ya pancha, ndipo mwenyewe hugundua, usiku na mvua yanyesha, kwamba nayo haina upepo.